Sukari inashuka, miguu inawaka moto: kisa cha fundi cherehani mmoja

Kisa hiki ni cha fundi cherehani wa Tanga, mwanamume wa miaka 47. Miaka tisa aliishi na sukari ya juu bila miguu kumuuma. Wiki ya saba tangu aanze insulini, sukari ikiwa ndiyo kwanza inakaa sawa, alikuwa halali usiku kwa maumivu.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari. Jina lake silitaji, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyaweka kando. Nakieleza kisa kwa urefu kwa sababu hali iliyompata, maumivu ya mishipa ya fahamu yanayokuja sukari ikishuka kwa kasi, inajulikana kitabibu, ina njia ya kuishi nayo mpaka ipite, na bado mtu anaweza kukutana nayo akiwa peke yake usiku wa manane, hajui ni nini, akabaki anajiuliza kama kesho ajichome insulini au aache. Wanaoacha wakati huo ndio ninaowaandikia.

Alivyofika kwetu

Aligunduliwa kisukari aina ya pili akiwa na miaka 38. Alianza na metformini, baadaye akaongezewa glibenklamaidi. Dawa alizitumia kwa vipindi. Hela ikikata anaacha, akijisikia nafuu anaacha, na kwa kipindi kirefu alihamia kabisa kwenye dawa ya mizizi aliyoletewa na jamaa. Mwishowe akaanza kukonda, kiu haikatiki, usiku anaamka kukojoa mara kwa mara. Mashati aliyojishonea mwenyewe yakampwaya. Alipopelekwa hospitali, sukari ilisoma 27 (milimoli kwa lita), na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari na ambacho wagonjwa wetu wanakiita cha miezi mitatu, kilitoa asilimia 14.2. Alilazwa, akaanzishiwa insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, akafundishwa kujichoma, akaruhusiwa. Kuhusu miguu hakuambiwa neno, wala kuhusu macho.

Nyumbani alishika masharti kwa nguvu zote. Chai ya sukari aliiacha siku ileile. Chapati na mihogo ya asubuhi vikaondoka, ugali ukawa kipande, sahani ikajaa mchicha na dagaa. Alinunua mashine ya kupimia sukari akawa anapima alfajiri na kabla ya kulala, na majibu akayaandika kwenye daftari lake la kazi: kurasa za mbele vifua na viuno vya wateja, kurasa za nyuma sukari yake. Nimelishika daftari hilo. Mwanzoni namba ni 22, 19, 20. Baada ya wiki tatu ni 11, 9. Ikifika wiki ya tano ni 6, 7, 5.8, siku baada ya siku. Mwili ulianza kurudi, na kila aliyemwona mtaani alimsifu.

Kisha miguu ikaanza. Kwanza nyayo, usiku tu, kama joto la ndani. Kwa siku chache ikawa moto kamili, ukapanda hadi vifundoni, na katikati yake mchomo wa ghafla unaompiga kwenye dole gumba na kumfanya aruke kitandani. Shuka ikigusa vidole, hawezi. Chandarua kikishuka kikalala juu ya unyayo, hawezi. Kazini, pedali ya cherehani ambayo amekuwa akiikanyaga tangu ujana ikawa adhabu, na kufika adhuhuri alikuwa ameacha kushona, amekaa ameinua miguu. Msikitini mkeka ulimchoma nyayo, na kukalia mguu kwenye tahiyatu kukamshinda. Kitu pekee kilichompa nafuu, aliniambia, ni maji ya udhu yakipita miguuni, na nafuu hiyo haikufika hata mwisho wa sala.

"Sista, ni kama nimekanyaga makaa, na hayazimiki."

Alijaribu diklopa, akajaribu panado, akanunua vidonge vya vitamini B dukani. Mkewe alimkanda kila usiku kwa maji ya moto yenye chumvi. Halafu jirani akampa maelezo ambayo kila aliye kwenye insulini ameshayasikia: insulini ni hatua ya mwisho, insulini inakula mishipa, ukiianza unakwenda kukatwa mguu. Fundi alitazama ushahidi aliokuwa nao. Miaka tisa hakuwa na insulini na hakuumwa. Amechoma insulini miezi miwili na hawezi kukanyaga chini. Akaanza kupunguza dozi mwenyewe, kwanza ya jioni, kisha na ya asubuhi. Sukari ikapanda hadi 18, na maumivu yakalegea kidogo. Kwa macho yake, shauri lilikuwa limekwisha.

Simlaumu hata kidogo. Kwa mtu aliyenyimwa maelezo, hiyo ndiyo hesabu anayoweza kuipiga. Alikuja kwetu kwa sababu mkewe alikataa kabisa kumwona akirudi kukonda.

Tulichokikuta

Kwa macho, miguu yake haikuwa na kitu. Ngozi safi, hakuna kidonda, hakuna uvimbe, joto la kawaida, mapigo ya damu yanagusika vizuri juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Hapa ndipo wagonjwa wengi wa namna hii wanapoonekana wanaigiza. Mguu mzima, mtu analia.

Kisha tukapima. Ule uzi mgumu wa nailoni tunaoubonyeza kwenye unyayo hakuuhisi kwenye madole gumba yote mawili. Uma wa mtetemo ukiwekwa kwenye mfupa wa dole aliuhisi kwa mbali. Lakini kipande cha pamba kikipitishwa polepole juu ya unyayo, alivuta mguu kwa nguvu na machozi yakamlengalenga. Ganzi na maumivu mahali pamoja. Kwa asiyejua hayo yanapingana, ila ndivyo mishipa ya fahamu iliyodhoofika inavyofanya: habari ya kweli haifiki, na inayofika imepotoka, hata mguso wa pamba ukasomeka kuwa ni moto.

Presha akiwa amekaa ilikuwa 136 kwa 82, na baada ya kusimama dakika tatu 118 kwa 76. Haikufika kiwango cha kuitwa tatizo, ambacho ni kushuka kwa 20 au zaidi kwa ile namba ya juu, ila ilikaribia, na yeye mwenyewe alisema asubuhi akiinuka anasikia kizunguzungu. Kipimo hiki kinarukwa mara nyingi. Katika hali hii mishipa ya fahamu inayoendesha mambo ya ndani, yaani presha, jasho, tumbo, kibofu na nguvu za kiume, inaweza kuguswa pamoja na ile ya maumivu. Mgonjwa anaweza kuona aibu kusema, kwa hiyo ni sisi wa kuuliza.

HbA1c mpya ilitoka asilimia 8.1, na hiyo ni baada ya wiki mbili za kupunguza insulini kwa siri. Kutoka 14.2 hadi 8.1 kwa muda wa kama miezi mitatu. Pointi sita.

Kabla ya kutoa jina la ugonjwa, daktari alipitia mengine yanayoweza kuwasha miguu moto, na nasisitiza hatua hii kwa sababu kila kitu kikitupiwa sukari, kuna watu wataumia. Upungufu wa vitamini B12 huja kwa waliotumia metformini miaka mingi. Virusi vya UKIMWI huweza kuharibu mishipa ya fahamu, na baadhi ya dawa za zamani za kuvifubaza zilifanya hivyo pia. Isoniazidi ya kifua kikuu isipoambatana na piridoksini (vitamini B6) huleta ganzi na moto. Kuna pombe, kuna figo, kuna tezi ya shingo. Kuna mishipa ya damu iliyoziba, ingawa hiyo huuma mtu akitembea na kutulia akisimama, kinyume kabisa na yeye ambaye kitanda ndicho kilikuwa adui. Vipimo vyake vilikuwa safi. B12 haikupimika kwa urahisi, hivyo aliandikiwa kwa tahadhari, akaelezwa wazi kwamba hiyo si dawa ya moto huu.

Lililomaliza ubishi ni daftari. Daktari aliuliza tarehe ya usiku wa kwanza wa maumivu, akaifunua, akaweka kidole. Juu ya kidole namba za 20 na kitu, chini yake namba za 6 na 7, na maumivu yanaanza wiki chache tu baada ya mteremko. Maumivu yanayoanza ghafla ndani ya wiki nane za sukari kushuka kwa kasi, kwa mtu aliyekaa na sukari ya juu muda mrefu, yana sababu moja inayotangulia nyingine zote.

Hali yenyewe

Madaktari wameijua kwa karibu miaka mia. Mwaka 1933 daktari Caravati wa jimbo la Virginia, Marekani, aliandika kuhusu mgonjwa aliyepata maumivu ya mishipa ya fahamu baada ya kuanzishiwa insulini, miaka kumi na moja tu tangu dawa hiyo ianze kutumika. Kwa muda mrefu insulini ikabeba lawama hata kwenye jina la ugonjwa, ulioitwa kwa Kiingereza "insulin neuritis". Baadaye ikaonekana kwamba wanaotumia vidonge peke yake nao wanaupata, maadamu sukari imeshuka kwa kasi. Tatizo ni mwendo wa kushuka. Insulini inatajwa zaidi kwa kuwa ndiyo inayoshusha haraka kuliko nyingine.

Mwaka 2015 Gibbons na Freeman wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 954 waliopelekwa kwao kwa matatizo ya mishipa ya fahamu ya kisukari. Kati yao 104, karibu asilimia 11, walikuwa na hali hii. HbA1c ikishuka kwa pointi 2 hadi 3 ndani ya miezi mitatu, uwezekano wa kuipata ulikuwa asilimia 20. Ikishuka zaidi ya pointi 4, uwezekano ulivuka asilimia 80. Hao walikuwa watu waliokwishapelekwa kwa mabingwa wa mishipa ya fahamu, si kila mwenye kisukari, kwa hiyo namba hizo hazimaanishi kwamba kila anayeshusha sukari ataungua. Lakini fundi wetu, mwenye pointi sita na mishipa iliyokwisha kudhoofika kimyakimya, alikuwa katikati ya hatari.

Kwa nini mshipa uumie wakati sukari inakuwa nzuri? Jibu halijakamilika, ila lipo la kushika. Mwaka 1996 timu ya Tesfaye huko Sheffield, Uingereza, iliangalia mishipa ya fahamu miguuni mwa wagonjwa wa namna hii ikaona vimishipa vya damu vipya, vyembamba, vimeota juu yake, na damu inakatiza njia kutoka mshipa mmoja hadi mwingine bila kuilisha neva, yaani mshipa wa fahamu, ipasavyo. Neva inabaki na njaa ya hewa na chakula. Wengine wanaona kwamba neva iliyozoea sukari nyingi miaka na miaka inapungukiwa nishati ghafla, na kwamba nyuzi zinazoanza kuota upya hurusha ishara ovyo. Nilipomweleza fundi hayo, la mwisho ndilo alilolishika. Sikumhakikishia kwamba maumivu yake ni dalili ya kupona, kwa sababu si kila mara ni hivyo, lakini nilimwambia kwa uhakika kwamba hayaendi kumkata mguu, na kwamba kwa wengi yanapungua yenyewe ndani ya mwaka mmoja hadi miwili.

Swali la insulini

Hapa palikuwa na njia tatu. Kuacha, kama alivyoanza. Kuendelea kusukuma sukari chini kana kwamba hakuna kilichotokea. Au kusimama pale ilipofika, kisha kushuka taratibu.

Kuacha kunaweza kutuliza maumivu kidogo, na uongo huo wa nafuu ndio mtego wenyewe. Asilimia 14 ndiyo iliyomkondesha, ndiyo iliyoua hisia za madole yake bila yeye kujua, na ndiyo ingemfikisha kwenye kidonda asichokihisi. Utafiti mkubwa wa DCCT wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993, uliowafuata wenye kisukari aina ya kwanza kwa miaka kadhaa, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari vizuri kulipunguza uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa asilimia 60. Kurudi nyuma ni kununua usiku wa leo kwa mguu wa kesho.

Daktari alichagua kusimama. Dozi zilirudishwa kwa hatua mpaka sukari ya alfajiri ikawa kati ya 8 na 11, ikaachwa hapo. HbA1c ilitakiwa izunguke 8 kwa miezi kadhaa kwanza, na baada ya hapo ishuke kwa nusu pointi au pointi moja, isizidi mbili ndani ya miezi mitatu.

Fundi alituangalia mimi na daktari kwa zamu. "Yaani sasa mnaniambia nisishushe sukari? Hospitali waliniambia 6 ndiyo nzuri."

"Sita ni nzuri, baba, na utafika," daktari alimjibu. "Ulikuwa kwenye 20 kwa miaka. Tunaomba ufike bila kukimbia."

Jambo jingine lilijitokeza kwenye mazungumzo hayo. Zile siku sukari yake ilipoanza kusoma 6 na 7 alikuwa anatetemeka, anatoka jasho, moyo unaenda mbio, na mkewe anamnywesha soda. Mwili uliozoea 20 unaichukulia 7 kama njaa na kupiga kengele. Hisia ni za kweli, ila sukari haijashuka kwa hatari. Alifundishwa apime kwanza: chini ya 4 anywe kitu chenye sukari mara moja, juu ya hapo akae, apumzike, ale kama muda wa kula umefika. Kama hana mashine karibu na dalili ni kali, anywe tu, maana sukari iliyoshuka kweli haingoji.

Dawa, na mengine yasiyo dawa

Diklopa ilisimamishwa siku hiyo. Maumivu ya neva haiyagusi sana, na figo za mwenye kisukari haziitaki. Daktari alimwandikia amitriptilini nusu kidonge cha miligramu 25, saa mbili kabla ya kulala, na kwa sababu ya ile presha ya kusimama alimtaka akae ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kuinuka. Baada ya wiki mbili ikawa kidonge kizima.

Nusura dawa hiyo ishindwe kabla haijaanza. Dukani, mtu aliyekuwa kaunta alimwambia mkewe kwamba hii ni dawa ya wagonjwa wa akili. Vidonge vikawekwa kabatini mpaka mama huyo aliponipigia simu. Ni kweli kwamba amitriptilini ilitengenezwa kwa ajili ya sonona, na kwa dozi ndogo inatuliza neva zinazorusha ishara za maumivu. Haya yasemwe kliniki, kabla mgonjwa hajafika kaunta. Yasemwe pia kwamba mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, asubuhi za mwanzo zitakuwa nzito, na kwamba dawa inaanza kufanya kazi polepole, kwa wiki, si kwa usiku mmoja. Tulimwambia atarajie maumivu yapungue kama nusu. Aliyeahidiwa sifuri atatupa dawa ikimpa nusu.

Nusu hiyo haikufika kwa amitriptilini peke yake. Gabapentini iliongezwa usiku, kwanza miligramu 300, na ilimgharimu, kwa hiyo dozi zilipandishwa kwa kupatana na mfuko wake. Pregabalini na duloksetini nazo hutumika pale zinapopatikana. Tramado, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, aliiulizia, kuna mtu alimtajia. Daktari alikataa, kwa kuwa dawa za jamii hiyo hazisaidii sana katika maumivu haya na ni rahisi mtu kuzizoea vibaya.

Nyumbani, kilichobadilisha usiku wake kilikuwa kigoda. Mkewe alikiweka upande wa miguuni juu ya godoro, shuka ikapita juu yake, chandarua kikachomekwa chini ya godoro kikiwa kimekazwa, na miguu ikalala ndani ya nafasi isiyoguswa na kitu. Soksi za dukani zilimchoma kwenye mshono. Yeye ni fundi. Alikata flana kuukuu ya pamba, akajishonea soksi zilizolegea, mshono ukiwa upande wa nje. Pedali alimwachia kijana wake wa kazi, yeye akabaki kwenye kukata na kushona kwa mkono, na alipoanza kurudi kwenye cherehani aliivika pedali sponji. Msikitini aliswali juu ya kiti.

Kukanda kwa maji ya moto kulikatazwa kabisa. Mguu unaowaka ndio huohuo usiohisi uzi wa nailoni, na maji yanayomtosha mkewe mkononi yanaweza kumbabua yeye bila kujua mpaka aone malengelenge. Vivyo hivyo kuweka miguu karibu na jiko la mkaa, na kupaka pilipili iliyotwangwa nyumbani. Ipo krimu ya kapsaisini, inayotokana na pilipili na kupimwa kiwango chake, na hiyo ni habari nyingine. Maji baridi aliruhusiwa, ya kawaida si ya barafu, kwa dakika chache, kisha akaushe vizuri katikati ya vidole. Kulowesha miguu usiku kucha kama alivyokuwa ameanza kunalainisha ngozi hadi ipasuke. Na kila jioni mkewe aliangalia nyayo zake kwa tochi ya simu.

Kuna jambo mkewe alilisema akiwa ameinamisha kichwa: mumewe ameacha kuongea, na usiku mmoja alisema bora afe. Tulimuuliza fundi moja kwa moja, faraghani, kama amefikiria kujidhuru. Alisema hapana, amechoka tu. Nasimulia hili kwa sababu maumivu haya yanavunja moyo kuliko watu wanavyodhani, na kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hana. Daktari alizungumza nao wote wawili, akasema mbele ya mkewe na mwanawe mkubwa kwamba maumivu haya ni ya kweli hata kama mguu hauonyeshi kitu. Fundi alilia pale. Nadhani hakuna dawa tuliyompa siku hiyo iliyomsaidia haraka kama sentensi ile.

Macho

Yaleyale yanayotokea kwenye neva yanaweza kutokea nyuma ya jicho. Katika utafiti wa DCCT, uharibifu wa jicho uliongezeka mwanzoni kwa asilimia 13 ya waliodhibiti sukari kwa nguvu, dhidi ya asilimia 7.6 ya waliotibiwa kawaida, ingawa kadiri miaka ilivyokwenda waliodhibiti ndio waliokuwa na macho mazima zaidi. Kwa sababu hiyo, mwenye HbA1c ya juu sana anayeanza kushuka anahitaji macho yaangaliwe kwa dawa ya kupanua mboni, mapema, na kurudiwa baada ya miezi michache hata kama anaona vizuri.

Fundi alikuwa hajawahi kuangaliwa. Safari ya kwanza zilikutwa dalili za mwanzo. Aliporudi baada ya miezi mitatu zilikuwa zimeongezeka, akapewa rufaa, akatibiwa kwa leza kwenye jicho la kulia kabla hajapoteza uwezo wa kutunga uzi. Ule ukungu aliouona wiki za kwanza za insulini ulikuwa kitu kingine: lenzi ya jicho inabadilika sukari inapobadilika, na hutulia baada ya wiki kadhaa. Alikuwa ameshaagiza miwani. Tulimshauri angoje sukari itulie ndipo apimwe.

Miezi iliyofuata

Haikuwa safari ya kupanda moja kwa moja. Wiki za kwanza baada ya kuanza dawa bado kulikuwa na usiku wa kukesha, na mwezi wa nne tangu maumivu yaanze ulikuwa mbaya kuliko wa pili. Alinipigia akitaka kuacha insulini tena. Tulifungua daftari kwenye simu, akanisomea namba, zote kati ya 8 na 10, nikamwambia mwendo ni huu huu. Kufikia mwezi wa saba alikuwa analala hadi alfajiri siku nyingi kuliko anazokesha. Moto ulianza kurudi nyuma kwa njia uliyojia: vifundo vikapona kwanza, kisha juu ya mguu, ukabaki vidoleni. Mwaka ulipotimia alikuwa amerudi kwenye pedali, HbA1c ikiwa 7.4, gabapentini imeachwa kwa kupunguzwa taratibu, amitriptilini imerudi nusu kidonge. Vijana wenye kisukari aina ya kwanza mara nyingi hupona kwa ukamilifu zaidi ya hapo. Kwa watu wa umri wake wenye aina ya pili, kitu fulani huweza kubaki.

Kilichobaki kwake ni ganzi ya madole gumba. Hiyo ilikuwepo kabla ya insulini, na sidhani kama itaondoka. Kwa hiyo viatu vya wazi haendi navyo sokoni, kucha anakatiwa, na tochi ya jioni inaendelea.

Kliniki kwetu, mtu akifika na HbA1c zaidi ya 10, habari hizi anazipata kabla ya sindano ya kwanza. Anaambiwa kwamba sukari yake itashushwa kwa hatua, kwamba miguu inaweza kuwaka ndani ya wiki nane, kwamba ikiwaka asikate dozi mwenyewe bali apige simu, na kwamba atasimama na kupimwa presha. Anapewa na orodha ya yale ambayo hayangoji simu wala miadi: mguu mmoja tu kuuma au kukosa nguvu, paja kuuma na kunyauka, mguu kuvimba ukawa mwekundu na wa moto hata bila maumivu, kidonda cha ukubwa wowote, homa, kuzimia akisimama, au giza la ghafla jichoni. Akiona lolote kati ya hayo, aje siku hiyohiyo.